Dunlop na Hataza Iliyobatilishwa

Katika vijia vya Idsowe, kandokando ya Mto Tana, baiskeli ni chombo cha kila mtu. Mkulima huibebea ndizi na maembe hadi sokoni Garsen, mvuvi huibebea kapu la samaki, na mwalimu huiendesha kwenda shuleni msimu ambao mafuriko hayajafunika njia. Kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki neno Dunlop lilisomeka ubavuni mwa tairi nyingi za baiskeli na za magari. Wengi walilijua kama jina la bidhaa, na huenda hawakuwahi kufikiri kwamba lilikuwa jina la mtu aliyezaliwa, akafanya kazi, akavumbua, akanyang'anywa kinga ya uvumbuzi wake kwa haki, kisha akafa bila ya kuufaidi sana utajiri ulioletwa na jina hilo.

Maisha ya John Boyd Dunlop yana somo kwa walimu na wanafunzi wa nchi hii, hususan wakati huu ambapo mataifa yanashindana kusajili mawazo kama zamani yalivyoshindana kusajili ardhi. Somo lenyewe ni hili: katika mahakama ya uvumbuzi, anayeshinda ni yule ambaye jambo lake linaweza kuthibitishwa kwamba lilikuwapo mwanzo. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Dunlop alikutana na daftari la mtu mwingine, na daftari hilo likamshinda.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, magharibi mwa Uskoti, katika jamaa ya wakulima. Inasemekana kwamba wazazi wake waliamini alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na kwa sababu hiyo wakamwepusha na kazi za sulubu za shambani. Mtoto ambaye haruhusiwi kushika jembe aghalabu hupelekwa shule, na ndivyo ilivyokuwa kwake. Alisomea utabibu wa mifugo mjini Edinburgh, akahitimu akiwa bado kijana wa miaka 19. Mwaka wa 1867 alivuka bahari akaenda Ireland, na hatimaye akafungua kituo cha kutibu farasi na wanyama wengine mjini Belfast. Kituo hicho kilistawi kikawa miongoni mwa vikubwa katika eneo hilo.

Tuzingatie jambo hili. Mtu tunayemhusisha na viwanda vya mpira hakuwa mhandisi wala mkemia. Alikuwa tabibu wa mifugo, mwenye ndevu ndefu na tabia ya ukimya, aliyezoea kutumia mirija ya mpira katika kazi yake ya kutibu wanyama. Siku zake nyingi alizimaliza akipita katika barabara za mawe za Belfast kwa gari la farasi, na bila shaka mwili wake ulijua vyema jinsi gurudumu gumu linavyomtikisa msafiri.

Mwaka wa 1887 mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu hayo, kama yalivyokuwa magurudumu ya baiskeli zote za wakati huo, yalizungushiwa mpira mgumu usio na kitu ndani, na yalimtesa mtoto kila alipopita juu ya mawe. Dunlop alichukua ubao akauchonga ukawa duara, akautengenezea mrija wa mpira, akaufunika kwa kitambaa na kuupigilia misumari midogo, halafu akaujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akalibingirisha duara hilo uani, akalibingirisha na gurudumu la baiskeli ya mwanawe. Gurudumu gumu lilikwenda kidogo likaanguka. Lile lenye upepo lilivuka ua mzima likagonga lango na kurudi nyuma. Jaribio hilo halikuhitaji maabara wala fedha za msaada. Lilihitaji macho yanayoona na akili inayouliza.

Baada ya kuyatengeneza magurudumu ya baiskeli ya mtoto na kuridhika nayo, Dunlop aliomba hataza. Neno hili bado ni geni masikioni mwa baadhi yetu, na wapo wanaopendelea kusema patenti. Maana yake ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Kwa malipo ya haki hiyo, mvumbuzi hutakiwa kuueleza uvumbuzi wake waziwazi katika maandishi, ili muda ukiisha watu wote waweze kuutumia. Ni mapatano baina ya mtu na umma: yeye hutoa siri, umma humpa muda. Dunlop alipewa hataza yake mwezi wa Desemba 1888.

Mwaka uliofuata, mkimbiza baiskeli wa Belfast aitwaye Willie Hume alithubutu kuzitumia tairi hizo katika mashindano ya chuo kimoja mjini humo. Watazamaji waliziona tairi nene wakazicheka. Kicheko kilikoma Hume alipowashinda wenziwe waliokuwa na sifa kubwa kumliko. Miongoni mwa walioshangazwa na ushindi huo alikuwamo Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin na kiongozi wa chama cha waendesha baiskeli wa Ireland, ambaye wanawe walikuwa wakimbiza baiskeli. Du Cros aliona kwamba hapo palikuwa na biashara. Mwaka huohuo wa 1889 kampuni ikaundwa mjini Dublin, na Dunlop akaikabidhi hataza yake kwa kupewa hisa.

Hadi hapo kisa hiki kinafanana na visa vingi vya wavumbuzi ambavyo watoto husomeshwa: mtu anapata wazo, anapata kinga, anapata kampuni. Lakini mwaka wa 1890 Dunlop aliarifiwa kwamba hataza yake ni batili. Tairi ya upepo ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa na kuandikishwa miaka mingi kabla yake na Mskoti mwenzake, na hataza ya mtu huyo ilikuwapo katika kumbukumbu za serikali mjini London.

Mtu huyo alikuwa Robert William Thomson, mzaliwa wa Stonehaven mwaka wa 1822. Wazazi wake walitaka awe mtu wa dini, lakini Kilatini kilimshinda. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Marekani kwa mjomba wake ajifunze biashara. Akarudi kwao baada ya miaka miwili, akajifundisha mwenyewe kemia, umeme na elimu ya nyota, na hisabati akasaidiwa na mfumaji wa nguo wa kijijini. Aliomba hataza ya gurudumu la upepo mwaka wa 1845, akiwa kijana wa miaka 23. Uvumbuzi wake ulikuwa ukanda wa turubai iliyotiwa mpira, uliojazwa upepo na kufunikwa kwa ngozi. Mwaka wa 1847 aliyaonyesha magurudumu hayo hadharani mjini London katika bustani ya Regent's Park, yakiwa yamefungwa kwenye magari ya farasi. Seti moja ilikwenda maili 1,200 bila ya kuharibika.

Kwa nini basi ulimwengu ulimsahau? Sababu hazikuwa za uvumbuzi wenyewe. Mpira ulikuwa ghali, ufundi wa kuufanya mrija mwembamba ulikuwa haujakamilika, na baiskeli, chombo ambacho kingeihitaji tairi hiyo kuliko vyote, ilikuwa haijaenea. Wazo lilizaliwa kabla ya soko lake. Thomson akageukia kazi nyingine. Alivumbua kalamu ya wino yenye hifadhi yake ndani, akaenda kisiwani Java kutengeneza mitambo ya viwanda vya sukari, akarudi Edinburgh na kuunda mashine za mvuke za kutembea barabarani. Alifariki mwaka wa 1873 akiwa na umri wa miaka 50. Dunlop hakumwibia. Hakuna dalili kwamba alipata kumsikia kabla ya kuambiwa kuwa ametanguliwa.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Thomson alikuwa kaburini kwa miaka 17 wakati hataza yake ilipomshinda Dunlop. Muda wa kinga yake ulikuwa umekwisha zamani, kwa kuwa hataza za wakati ule zilidumu miaka 14. Hakuna aliyekuwa akiidai tairi hiyo kwa niaba yake. Kilichoshinda ni karatasi tu: maandishi yenye namba, tarehe na maelezo. Maandishi hayo yalisema kwamba umma ulikwisha kulipia wazo hilo mara moja, na kwamba si haki umma ulipishwe mara ya pili kwa kitu kilicho chake. Kwa hiyo tairi ya upepo ikawa mali ya watu wote.

Tusidhani kwamba karatasi hiyo ilionekana kwa bahati tupu. Katika miaka ya 1850 Bennet Woodcroft, aliyekuwa mkuu wa shughuli za hataza nchini Uingereza, alihakikisha kwamba hataza zote za nchi hiyo tangu mwaka wa 1617 zimepangwa, zimefanyiwa faharasa na kuchapishwa. Mwaka wa 1855 maktaba ikafunguliwa mjini London ambamo mtu yeyote, hata fundi maskini, aliweza kuingia bila malipo na kupekua. Afisi ya hataza yenyewe wakati huo haikuwa na desturi ya kuchunguza kama uvumbuzi ni mpya. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1905. Kabla ya hapo ulinzi wa umma ulikuwa mikononi mwa umma wenyewe: washindani, mafundi, wasomaji wa magazeti ya ufundi, kila mwenye kumbukumbu na kila mwenye macho.

Turudi kwa Dunlop. Kampuni ya du Cros haikufa. Iliokolewa kwa kununua hataza nyingine, hasa za Charles Welch na William Bartlett, zilizohusu namna ya kuishika tairi kwenye ringi ili iweze kuvuliwa na kuzibwa. Uvumbuzi huo mdogo ndio uliofanya biashara. Kila fundi wa baiskeli wa Garsen anayeichomoa tairi kwa vipande vya chuma na kuuziba mrija kwa kiraka anaufaidi hadi leo. Dunlop mwenyewe alijitoa katika kampuni mwaka wa 1895. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa kwa pauni milioni 3, na mnunuzi akaiuza tena kwa umma kwa pauni milioni 5, ikiwa sasa na jina la Dunlop. Mwenye jina alikuwa nje. Aliishi Dublin maisha ya wastani akiwa na hisa katika biashara ya nguo, na akafariki huko mwezi wa Oktoba 1921. Kitabu chake kuhusu historia ya tairi ya upepo kilichapishwa baada ya kifo chake.

Haitakuwa insafu kuyaeleza maisha haya bila ya kuwataja waliolipa gharama yake ambao hawakuwa Belfast wala Dublin. Tairi za upepo ziliufanya ulimwengu uwe na kiu ya mpira, na katika miaka ya 1890 mpira mwingi wa mwitu ulitoka Kongo, iliyokuwa milki ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu walilazimishwa kuingia msituni kukinga utomvu. Waliopungukiwa na kiasi walichopangiwa walipigwa, wake zao wakashikwa rehani, na mikono ikakatwa. Habari hizo zilienea duniani kwa juhudi za watu kama E. D. Morel na Roger Casement, ambaye ripoti yake ilitolewa mwaka wa 1904, na mwaka wa 1908 Leopold akalazimika kuiachilia Kongo. Upande wetu wa bara, Wajerumani walifungua mashamba ya mpira Tanga na Muheza, na yakaporomoka mwaka wa 1913 mpira wa Asia ulipofurika sokoni.

Lugha yetu inaihifadhi historia hiyo kwa namna yake. Neno mpira lina ngeli ya mimea, mpira kwa mipira, sawa na mti na mkoko, kwa sababu mwanzo wake ni jina la mimea itoayo utomvu. Baadaye likahamia kwenye utomvu, kisha kwenye kitu chochote kilichofanywa kwa utomvu huo, hatimaye kwenye mchezo. Walioujua mmea huo na kuupa jina walikuwa wakazi wa pwani na bara yake. Mmoja wa mimea hiyo leo unajulikana katika elimu ya mimea kwa jina la Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja. Jina la balozi liliandikwa katika daftari. Majina ya waliomwonyesha mmea hayakuandikwa.

Tunaweza kuuliza: yote haya yanamhusu nini mwalimu wa Idsowe? Yanamhusu, kwani sheria iliyomwangusha Dunlop ndiyo inayotawala leo, na uwanja wake umepanuka. Katika mwaka wa 2023 pekee, maombi ya hataza yaliyopelekwa katika afisi za nchi zote duniani yalizidi milioni 3.5, na karibu nusu yake yalipelekwa China. Wachunguzi wa afisi hizo hawawezi kujua kila kilichopata kufanywa na kila kijiji. Wao hutafuta katika kumbukumbu, na kisichokuwa katika kumbukumbu kwao ni kama hakijapata kuwapo.

Mfano wa kwanza ni manjano. Mwaka wa 1995 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilipewa hataza ya kutumia unga wa manjano kuponyesha vidonda. Bibi yeyote wa India angecheka, na wengi wa mwambao wetu wangecheka naye. Lakini kicheko si ushahidi. Kwa miaka mingi sheria ya Marekani ilisema kwamba matumizi yasiyoandikwa yaliyofanyika nje ya nchi hiyo hayahesabiwi kuwa yametangulia. Yalihesabiwa maandishi tu. Hali hiyo ilibadilika kwa sheria ya mwaka wa 2011. Wahindi walipoweka mezani maandiko ya kale ya Kisanskriti na makala ya jarida la tiba la mwaka wa 1953, hataza hiyo ilifutwa, mwaka wa 1997.

Mfano wa pili uko mlangoni petu. Mwarobaini, mti uliotufikia kutoka India na ukapewa na Waswahili jina la kudai kuponya maradhi 40, ulitolewa hataza Ulaya mwaka wa 1994. Waliopewa ni kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa matumizi ya mafuta yake dhidi ya ukungu wa mimea. Wanaharakati wa India na Ulaya waliipinga, wakakusanya ushahidi wa wakulima na wa mwenye kiwanda aliyekuwa ametengeneza dawa kama hiyo kabla. Hataza ilibatilishwa mwaka wa 2000, na rufani ikatupwa mwaka wa 2005. Kesi moja tu ilichukua karibu miaka 10.

Hali ni iyo hiyo katika alama za biashara na hakimiliki, ingawa sheria zake ni tofauti na za hataza. Kati ya mwaka wa 2006 na 2008 Wakenya walilazimika kupigania neno kikoi lisiwe mali ya kampuni moja ya Uingereza, na wakafaulu. Aidha, yapo yanayoigusa Tana River kuliko yote. Muziki wa wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa mwaka wa 1963, unatokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Mwaka wa 2021, Wakenya waliouweka wimbo wa taifa katika video yao ya intaneti walijikuta wakidaiwa na kampuni ya muziki ya Uingereza, hata Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikalazimika kujitokeza na kuutetea. Mlezi aliyemwimbia mwana wake kando ya Tana hakuwahi kuota kwamba sauti yake ingefikishwa huko.

Basi dawa ni nini? Dunia imeanza kuutambua tena ukweli ambao Woodcroft aliuamini, kwamba macho mengi yanaona kuliko macho mawili. Mwaka wa 2007 Marekani ilianzisha jaribio la kuualika umma uyasome maombi ya hataza na kuleta ushahidi kwamba jambo linaloombewa lilikwisha kufanywa. Mhandisi mstaafu, mwanafunzi, mkusanyaji wa vitabu vikuukuu, kila mmoja alikaribishwa. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka wa 2011 ikampa mtu yeyote nafasi ya kupeleka ushahidi wa namna hiyo. India nayo, tangu mwaka wa 2001, imekuwa ikikusanya maarifa yake ya tiba katika hazina moja ya kidijitali, iliyotafsiriwa kwa lugha ambazo wachunguzi wa hataza wanazisoma.

Kenya haikukosa sheria. Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka wa 2001 inayahesabu hata yaliyotangazwa kwa mdomo au kwa matumizi, popote duniani, kuwa yametangulia. Sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila inazitaka serikali za kaunti ziweke rejista za maarifa ya jamii zao. Na mwezi wa Mei 2024, mjini Geneva, mataifa yalikubaliana juu ya mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje asili ya mmea au mnyama aliyemtumia, na jamii aliyopata maarifa kwake. Daftari lipo kisheria. Linalohitajika ni mkono wa kuliandika.

Mkono huo, kwa maoni yangu, ni wa mwalimu na mwanafunzi. Shule ya Idsowe au ya Garsen ina kitu ambacho mchunguzi wa hataza wa Munich hana: babu na nyanya waliohai. Wapokomo wanajua kusoma kupanda na kushuka kwa maji ya Tana, na mbegu ipi ya mpunga inastahimili mafuriko. Waorma wanajua maradhi ya ng'ombe kwa majina na kwa dawa, na Dunlop, aliyekuwa tabibu wa mifugo kabla ya kuwa jina la tairi, angekaa chini yao akajifunza. Mwanafunzi anayeyaandika maarifa hayo kwa Kiswahili fasaha, akataja mahali, tarehe na jina la mzee aliyemweleza, anafanya kazi ya lugha na ya sheria kwa wakati mmoja. Insha za namna hiyo zinafaa kuliko insha nyingi tunazowatungisha watoto juu ya safari za ndege ambazo hawajazipanda.

Ipo hoja nzito ya kupinga, na haifai kupuuzwa. Baadhi ya wazee husema kwamba kuyaandika maarifa ni kuwafungulia wezi mlango. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu kilichochapishwa waziwazi huweza kusomwa na yeyote, na kuchapisha humzuia mwingine asijimilikishe bila ya kuiletea jamii malipo yoyote. Tairi ya Thomson iliokolewa kwa umma, lakini jamaa yake haikupata senti. Kwa hiyo pafanywe tofauti. Yaliyo ya wote, kama vile matumizi ya mwarobaini, yatangazwe kwa tarehe ili asitokee mtu wa kuyadai. Yaliyo siri ya ukoo au ya baraza la gasa yaandikwe katika rejista yenye ulinzi, kwa idhini ya wenyewe, wala yasichapishwe. Uamuzi wa kipi kiende wapi uwe wa wazee wenyewe, si wa mtafiti aliyekuja kwa gari na kuondoka jioni. Kukaa kimya kabisa ndiko kusikofaa, kwa kuwa wazee huaga dunia kila mwaka na kimya hakimzuii mwizi hata mmoja.

John Boyd Dunlop alikuwa mtu mwaminifu aliyevumbua kwa akili yake kitu ambacho mwingine alikuwa amekwisha kukivumbua. Alishindwa kwa haki, na ulimwengu ukanufaika kwa kushindwa kwake, kwani tairi ya upepo ilibaki wazi kwa kila fundi. Haki hiyo iliwezekana kwa sababu kijana wa miaka 23 alikuwa ameandika, na mtu mwingine akatunza maandishi, na milango ya maktaba ikaachwa wazi. Tunayoyajua kando ya Mto Tana hayapungukiwi na uzito wa gurudumu la Thomson. Yanapungukiwa na tarehe, jina na karatasi, na vitu hivyo vitatu vinapatikana katika kila darasa lenye kalamu.